Sura ya Tatu: Mchagua Jembe si Mkulima

Fungua simu ya mtu anayesema kila siku kwamba anataka kuanza kutengeneza video, uingie kwenye picha zake, na utazikuta humo. Klipu ya dakika moja na nusu, iliyokatizwa pale ulimi ulipoteleza. Nyingine ya sekunde chache, amekohoa tu. Nyingine imekamilika, tena nzuri, ila jogoo wa jirani aliwika katikati, basi ikaachwa. Zimelala hapo tangu mfungo uliopita. Ukimuuliza zinatoka lini, anasema bado anajipanga.

Kujipanga ni udhuru wa heshima. Mvivu husutwa na mwoga huchekwa, lakini nani atamsuta mtu anayejipanga? Anaonekana ana viwango. Hata mwenyewe anajiona hivyo: hataki kutoa kitu cha ovyo, anangoja mwanga mzuri, maneno mazuri, siku nzuri. Mwaka unakwisha.

Ukiwachimba kidogo watu wa aina hii, karibu wote wana hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba kila mtu ataniona: mwajiri, shemeji, niliosoma nao, yule mchumba wa zamani. Ya pili ni kwamba hakuna atakayetazama, nitabaki na watazamaji wanne, na watatu kati yao ni mimi mwenyewe. Hofu hizi mbili haziwezi kukaa nyumba moja. Kama hakuna anayetazama, basi hakuna anayekucheka. Na katika miezi ya mwanzo, kwa karibu kila anayeanza, ya pili ndiyo ya kweli. Mimi naihesabu kuwa bahati kubwa, na nia yangu katika sura hii ni kukushawishi uitumie kabla haijakuponyoka.

Tuanze na vifaa, maana ndiko watu wanakokimbilia kujificha. Tuseme wewe ni fundi cherehani Mbagala. Unakata dera kwa jicho tu, na wateja wamekuambia mara nyingi, "Dada, haya si ungekuwa unayaonyesha mtandaoni?" Ukakubali. Ukaandika mahitaji: taa ya duara, maiki ya kubana kifuani, stendi, simu yenye kamera tatu, kitambaa cheupe cha kufunika ukuta. Kila kimoja kina faida yake, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu hakuna atakayekuambia umekosea. Utadunduliza, utanunua taa, halafu utagundua kwamba taa inataka chumba, na chumba kinataka rangi. Wazee walikwisha kumsema mkulima wa namna hiyo.

Ninachoamini kuhusu vifaa kinatosha aya moja. Mtazamaji huvumilia picha hafifu kuliko sauti mbovu, kwa hiyo simu ikae karibu na mdomo wako. Rekodi chumbani penye godoro, pazia na nguo zilizoning'inia, kwa kuwa vitu laini humeza mwangwi, na sebule tupu yenye vigae huurudisha. Chini ya bati, subiri mvua ipite. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi. Simu inayoshikwa jikoni hupata mafuta, na ule ukungu ambao watu hudhani ni ubaya wa simu mara nyingi ni mafuta ya maandazi. Geukia mlango au dirisha ili mwanga ukuangukie usoni. Weka simu kwenye hali ya ndege asije mtu akapiga katikati. Basi. Vingine utanunua ukishajua unavihitaji kwa lipi.

Kuhusu ubora wa picha, mfikirie anayekutazama. Yuko kwenye daladala, amejiunga bando la siku, amepunguza video hadi 360p lisije likakata kabla ya jioni. Wewe umehangaika kurekodi 4K, faili limejaza simu na kumeza bando lako wakati wa kupakia, naye anaona kilekile ambacho angekiona ungerekodi 720p. Gharama yote umeibeba peke yako.

Mfano ninaoupenda katika jambo hili uko karibu tu, Wakaliga, mtaa wa kimaskini jijini Kampala. Isaac Nabwana alikuwa mfyatua matofali. Mwaka 2005 alianzisha Ramon Film Productions, jina alilolitunga kutokana na majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Mwaka 2010 akatoa filamu ya mapigano iitwayo Who Killed Captain Alex? Kompyuta aliiunga mwenyewe kwa vipuri vikuukuu. Bunduki zilitengenezwa kwa vyuma chakavu. Damu ilikuwa rangi ya chakula iliyojazwa kwenye kondomu; zamani walitumia damu ya ng'ombe, wakaacha baada ya mwigizaji mmoja kuugua. Helikopta zake ni za kompyuta, na zinaonekana wazi kabisa kwamba ni za kompyuta. Bajeti inayotajwa ya filamu nzima haifiki dola 200 za Marekani. Trela aliiweka YouTube Januari 2010, ikazunguka dunia.

Diski ya kompyuta ile ilikuwa ndogo, hivyo alipotaka kuanza filamu nyingine ilimbidi Nabwana aifute hii. Nakala ya asili haipo tena. Inayotazamwa leo imetokana na ile iliyobaki kwenye DVD, na juu ya picha kuna sauti ya VJ Emmie, msimuliaji anayetania, anayeshangilia, anayekuonya kwamba mapigano yanakuja. Sikiliza anavyofanya helikopta zinapotokea. Haombi radhi. Anazipigia kelele kama mtu aliyezinunua. Kasoro ambayo wewe ungeifuta na kurudia mara ishirini, yeye ameisimamisha mbele ya watu na kuipigia vigelegele, na watu wamempenda kwa hilo.

Lakini kinachonivutia zaidi ni kule kufuta. Sikushauri ufute chochote, kwa kuwa YouTube haikutozi hata senti kuhifadhi video zako. Ninachotaka uige ni moyo wa mtu anayeiona filamu yake kama moja katika msururu mrefu, kiasi kwamba iliyokwisha inaweza kuipisha ijayo. Mpenda ukamilifu hana moyo huo. Kwake yeye video ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa, itabaki na jina lake hadi kaburini, kwa hiyo lazima isiwe na doa.

Hapa Tanzania watu watakutajia haraka Kili Paul, kijana wa Kimasai wa kijiji cha Mindu Tulieni, Lugoba, mkoani Pwani, ambaye pamoja na dada yake Neema alianza kufuatisha nyimbo za Kihindi kwa midomo, malisho yakiwa nyuma yao. Kijijini hakukuwa na umeme. Simu ilipelekwa Lugoba kuchajiwa. Mwaka 2022 ubalozi wa India jijini Dar es Salaam ulimwalika na kumpa heshima, na Waziri Mkuu Narendra Modi akamtaja katika kipindi chake cha redio. Ni habari ya kweli, ila naona hutumiwa vibaya. Anayekusimulia ili akuambie "nawe unaweza" anakuongezea mzigo, maana sasa video yako ya kwanza inapimwa na ya mtu aliyetajwa na waziri mkuu. Wengi wetu hatutatajwa na yeyote. Chukua humo jambo moja tu, kwamba hakungoja umeme ufike.

Vifaa ni rahisi. Kinachouma kweli ni sauti yako na uso wako.

Unajirekodi, unasikiliza, unashtuka. Nani huyu mwenye sauti nyembamba ya puani? Palepale unakata shauri kwamba kazi hii si yako. Subiri kwanza. Unapozungumza, sauti yako hukufikia kwa njia mbili: kupitia hewani hadi masikioni, na kupitia mifupa ya fuvu lako mwenyewe. Mifupa hupitisha vizuri mitetemo ya chini, ndiyo maana kwa ndani unajisikia una sauti nzito. Simu haiipati ile ya mifupa. Inanasa ya hewani tu, ambayo ndiyo mumeo, wanao na wateja wako wamekuwa wakiisikia siku zote. Mshtuko huu si wako peke yako. Wanasaikolojia Philip Holzman na Clyde Rousey waliandika juu yake tangu 1966. Wateja wamerudi dukani kwako miaka yote hii wakiisikia sauti hiyohiyo.

Uso nao ni vivyo hivyo. Umeuzoea kupitia kioo, na kioo hugeuza kushoto kuwa kulia. Mwaka 1977 watafiti watatu wa Marekani, Theodore Mita, Marshall Dermer na Jeffrey Knight, walipiga picha za wanawake na kuzichapa kwa namna mbili, kama walivyo na kama wanavyojiona kiooni. Wenyewe walielekea kupendelea ya kioo. Watu wao wa karibu walielekea kupendelea ile nyingine. Kila mtu alipenda sura aliyoizoea. Sasa kamera ya mbele ya simu hukuonyesha kama kioo unapojirekodi, halafu simu nyingi huigeuza picha zinapoihifadhi. Unaitazama, unaona pua imepinda na nyusi moja iko juu. Ni wewe yuleyule ambaye jirani anamsalimia kila asubuhi bila kushtuka.

Dawa yake ni mazoea, wala hayanunuliwi. Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kukutana na kitu mara kwa mara kunatosha kutufanya tukipende zaidi, hata kama hakuna kingine kilichobadilika. Anayehariri video zake mwenyewe husikia sauti yake mpaka inamchosha, na akishachoka nayo haimtishi tena. Lakini hilo linapatikana kwa anayerekodi. Anayengoja aipende sauti yake kwanza ndipo arekodi, ameanza na mwisho.

Kuna ushahidi mwingine, nao umo kwenye simu yako sasa hivi. Ingia WhatsApp, utafute ujumbe wa sauti uliomtumia mdogo wako alipokuuliza namna ya kukata shingo ya dera. Dakika nne. Hukuandika kwanza. Hukurudia. Katikati ulicheka, ukamkemea mtoto ashuke kwenye meza, ukaendelea ulipoishia. Naye alielewa, akakata, akashona. Mtu yule aliyezungumza dakika nne bila kigugumizi ndiye huyuhuyu anayeganda mbele ya kamera na kuanza, "Habari zenu wapenzi watazamaji popote pale mlipo." Wapenzi watazamaji hawapo. Mdogo wako yupo. Irekodi video ya kwanza ukimwambia yeye, kwa jina ukitaka, na jina utalikata baadaye.

Na kama hutaki kuonyesha uso, kwa haya, kwa dini, kwa ajili ya kazi yako au kwa kuwa hutaki tu, usiuonyeshe. Watu wa Afrika Mashariki walizoea zamani sauti isiyo na sura. Lufufu alisimulia filamu za nje kwa Kiswahili jijini Dar es Salaam na kanda zake zikapendwa. DJ Afro wa Kenya, naye msimuliaji wa filamu, anajulikana kwa sauti na watu ambao angewapita barabarani wasimtambue. Mikono yako juu ya kitambaa, chaki, mkasi, na sauti yako ikieleza: hiyo ni video kamili. Kwa fundi nadhani hata ni bora, maana anayetaka kujifunza kukata dera anataka kuona mkasi.

Tuje kwa watu. Watu watasemaje?

Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake, Chuo Kikuu cha Cornell, walichapisha jaribio linalochekesha. Walimvalisha mwanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, ambayo kwa vijana wale ilikuwa fedheha, wakamwingiza kwenye chumba chenye wanafunzi wengine, kisha wakamtoa na kumuuliza: unadhani wangapi wametambua ni nani kwenye fulana yako? Waliovaa walikadiria karibu nusu. Waliotambua kweli walikuwa karibu robo. Na hao walikuwa wamekaa chumba kimoja naye, enzi ambazo hakuna aliyekuwa ameinamia simu mkononi.

Wanasaikolojia wa Canada Paul Hewitt na Gordon Flett waligawa tabia hii ya kutaka ukamilifu katika aina tatu, mwaka 1991: kujidai mwenyewe, kuwadai wengine, na kuamini kwamba wengine wanakudai. Thomas Curran na Andrew Hill baadaye walikusanya majibu ya wanafunzi wa vyuo zaidi ya 41,000 wa Marekani, Canada na Uingereza, tangu 1989 hadi 2016. Aina zote ziliongezeka, lakini ile ya tatu ndiyo iliyopanda zaidi, kwa asilimia 33. Sisi aina hiyo ya tatu tunaijua bila dodoso. Tofauti ni kwamba kwetu "watu" wana majina. Kuna shangazi. Kuna jirani atakayesema una kiherehere. Kuna yule wa kundi la WhatsApp la ukoo atakayeweka kikaragosi cha kucheka na kunyamaza.

Sitakudanganya kwamba maneno hayaumi. Yanauma, na mwanamke huyapata zaidi; komenti juu ya mwili wake hutangulia komenti juu ya mshono. Ndiyo maana nasema tumia ufunguo ulio nao. YouTube inakuruhusu kuzuia maneno unayoyataja na kushikilia komenti hadi uzipitie. TikTok nayo ina kichujio cha maneno. Washa kabla ya kupakia, usingoje matusi. Na kiungo cha video usikitupe kwenye kundi la ukoo. Mcheza kwao hutunzwa, ni kweli, lakini mtandaoni mambo yamegeuka: mgeni wa Bujumbura anayetafuta kukata dera atakutazama hadi mwisho, na binamu yako atatazama sekunde tatu aone umevaa nini.

Aibu ya lugha nayo inastahili neno lake. Mkenya anaogopa Mtanzania atamcheka Kiswahili chake. Mtanzania wa bara anaogopa watakavyomtania kwa l na r. Wa Lubumbashi anajua atakachoambiwa na watu wa pwani, na wa pwani mwenyewe anaogopa Kiingereza chake. Wote wamenyamaza, na ukitafuta leo maelezo mazuri ya Kiswahili juu ya kurekebisha pampu ya maji au kusoma mkataba wa kupanga nyumba, hayakutoshi. Abel Mutua, ambaye Wakenya walimjua kwanza kwenye tamthilia ya Tahidi High, anasimulia visa YouTube kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng na Kiingereza, na watu wanatulia wanasikiliza. Ukianza kumsahihisha ngeli utaua kisa.

Lakini si kila shaka ni adui. Iko shaka ya kusikilizwa, na mtu mzima aitofautishe na ile nyingine. Kama unataka kueleza dozi ya dawa na wewe si mfamasia, shaka yako ina akili kuliko wewe. Kama video ina mtoto wa mtu, mgonjwa au mwanafunzi, simama uombe ruhusa. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu ya 2019, Tanzania ina yake ya 2022. Tanzania pia ilianza mwaka 2018 kudai leseni kwa maudhui ya mtandaoni, ikiwa na ada iliyozidi shilingi milioni mbili kwa mwanzo, na kanuni hizo zimebadilishwa tangu hapo. Ukitaka kutoa habari na mambo ya siasa, uliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, leo, usimtegemee rafiki aliyesoma mwaka ule. Shaka ya namna hii ina alama yake: ina swali lenye jibu. Unaweza kuinuka, ukaenda kuuliza, ukarudi. Ile nyingine haina swali. Inasema tu "bado", na hata ukifanya inachotaka itasema tena "bado".

Tatizo la mpenda ukamilifu, nionavyo, liko zaidi kwenye kumaliza kuliko kuanza. Kuanza ameanza mara nyingi; zile klipu si zimejaa simu? Kwa hiyo mpe siku. Video inatoka Alhamisi baada ya isha, iwe imeiva au mbichi. Rekodi mara mbili, chagua iliyo bora kati ya hizo mbili, kata mwanzo na mwisho, pakia. Ukikosea neno, lirudie palepale na uendelee, kama unavyofanya ukizungumza na mteja. Usimwonyeshe mtu kabla haijatoka. Mumeo atasema tu taa ingekuwa upande huu, nawe utapata wiki tatu nyingine za kujipanga. Fupi inatosha. Video ya kwanza kabisa ya YouTube, ya tarehe 23 Aprili 2005, ina sekunde 19: mmoja wa waanzilishi, Jawed Karim, amesimama mbele ya tembo kwenye bustani ya wanyama ya San Diego, anasema wana mikonga mirefu. Mwenye mtandao mwenyewe hakuwa na la maana la kusema siku hiyo, na alipakia.

Ikishatoka, ndipo utajua kitu ambacho shaka haikuweza kukuambia. Ndani ya YouTube Studio kuna mchoro unaoonyesha watazamaji walibaki hadi wapi na waliondoka wapi. Watu wakishaanza kuja, utazame. Wewe ulikesha ukiwaza kidevu chako, lafudhi yako, ukuta usiopakwa rangi. Aghalabu mchoro unaonyesha kwamba waliondoka mapema mno, mwanzoni kabisa, ulipokuwa unasalimia, unajitambulisha, unakumbusha watu wabonyeze kengele, unamshukuru Mungu kwa siku nyingine. Kidevu hakimo kwenye mchoro. Wakati ujao unaanza moja kwa moja na mkasi kwenye kitambaa. Hili ndilo kosa kubwa la mpenda ukamilifu: anaona makosa mengi, tena kwa uchungu, lakini anatazama pasipo. Mahali penyewe hajulishwi mpaka mtu asiyemjua atazame na kuondoka.

Na hao wasiokujua watakuwa wachache kwa muda mrefu. Marques Brownlee wa Marekani, ambaye leo ni miongoni mwa wachambuzi wa vifaa vya teknolojia wanaofuatwa zaidi duniani, alianza 2009 akiwa mwanafunzi wa sekondari, na amesema mwenyewe kwamba video zake 100 za kwanza alizitengeneza kwa wafuasi 74. Mia nzima. Sisemi hivi ili usubiri yako ya 101 ikutajirishe. Nasema zile mia alizifanyia mazoezi mahali ambapo karibu hapakuwa na mtu: pa kukosea, pa kujaribu, pa kubadili mtindo bila kuulizwa. Mtu mashuhuri hawezi kuinunua nafasi hiyo kwa bei yoyote. Akikohoa, watu wanaijadili. Wewe unayo bure leo, na hujui itakwisha lini.

Sura ya nne inaeleza namna ya kuhariri kwa simu: kukata, kuunganisha, kusawazisha sauti, kuweka maandishi. Haitakufaa kitu kama huna cha kuhariri. Funga kitabu hapa, urekodi dakika mbili za jambo unalolijua, uzipakie, ndipo ufungue ukurasa unaofuata.